Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: mofini imefika kijijini, maneno bado yako njiani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Uganda. Kwa Katibu Mkuu wa Wizara. Kwa maafisa wa afya wa wilaya. Na kwa wakuu wa vyuo vinavyotufundishia madaktari na wauguzi.

Shikamooni.

"Wameniwekea roadi bloku kooni. Hata uji unaulizwa leseni."

Ndivyo baba yangu alivyomjibu daktari aliyepita asubuhi na kumuuliza anaendeleaje. Tulikuwa katika wodi ya hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu sikuja kuishtaki. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akimpepea mumewe alicheka mpaka akaweka kipepeo chini. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Daktari hakucheka. Alisema jambo kwa Kiingereza, muuguzi akaligeuza kwa Kiswahili cha kukatakata: mzee aache mchezo, ugonjwa wake ni mkubwa.

Baba akageukia ukuta. Siku tatu zilizofuata aliwajibu kwa kichwa tu, na siku tulipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani nilisoma kwenye faili lake kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano.

Mtu aliyeendesha lori miaka 31! Kutoka bandari ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, mpaka hapa kwetu Mutukula, na mara nyingi Kampala na kwingine mbele. Kwa dereva, roadi bloku si neno la kuchezea. Ni mahali unaposimamishwa na mtu asiyekueleza kosa lako, ukakaa juani ukingoja kujua kama utapita. Kwa maneno yale machache baba alikuwa ameshamweleza daktari kila kitu: kwamba chakula hakipiti, kwamba hata cha majimaji kimeanza kugoma, kwamba hakuna aliyemwambia sababu, na kwamba anaogopa. Angeketi ukingoni mwa kitanda akauliza, "Na huyo askari, mzee, ameanza kusimama hapo lini?" angeondoka na historia ya ugonjwa iliyo kamili kuliko ile iliyoandikwa.

Nawaandikia kuomba kwamba mazungumzo na mgonjwa asiyetarajiwa kupona yahesabiwe kuwa dawa. Yafundishwe, yatahiniwe, yatengewe muda na fedha, kama nchi hii ilivyofanya kwa mofini, dawa ya maumivu makali.

Kwa mofini hatuna cha kuonea haya. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mjini Kampala, akaja na mofini ya kunywa: unga wa mofini, maji, kitu kidogo cha kuihifadhi isiharibike, na rangi ili ya nguvu ndogo isichanganywe na ya nguvu kubwa. Dawa ambayo mgonjwa anaweza kupimiwa nyumbani kwake na mtoto wake. Mwaka 1998 huduma hiyo ilifika Mbarara na Hoima. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kisheria wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika mofini wao wenyewe, bila kumngoja daktari ambaye vijijini hayupo. Mgonjwa halipii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba ya namna hii kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Najua, basi, kwamba baba yangu alikuwa miongoni mwa wachache.

Chupa ya dawa ya kijani ilifika nyumbani kwetu kwa bodaboda. Maumivu ya kifua yaliyokuwa yakimlazimisha kulala ameketi yalipungua siku ya pili. Usiku ule mama alilala, mimi nililala, hata mbwa nadhani alilala. Kwa hilo nawashukuru kutoka moyoni.

Ila mofini haikumrudishia ulimi. Aliyeurudisha ni yule aliyeileta.

Alikuwa muuguzi wa timu inayotembelea wagonjwa majumbani, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Masaka. Sisi tulimwita sista. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza barabarani, lakini hakukionea aibu. Kabla ya kufungua mkoba wake aliomba kiti, akakisogeza mpaka macho yake na ya baba yakawa usawa mmoja, akauliza: "Mzee, kazi yako ilikuwa gani?" Hakuanza na unaumwa wapi. Baba akamweleza. Alimweleza mlima Sekenke ambako breki zinanuka, akamweleza tanboi wake wa kwanza aliyekuwa akiogopa fisi, akamweleza namna ya kujua kwa sikio tu kwamba tairi la nyuma limepungua upepo. Sista alisikiliza kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Ndipo akauliza habari za maumivu, na baba akamjibu vizuri, kwa mpangilio, kama dereva anayetoa taarifa ya safari.

Ziara ya pili kulikuwa na swali gumu. Mofini hufunga choo, na kila anayeitumia lazima apewe kitu cha kulainisha. Sasa muulize swali hilo Mzaramo wa miaka 68, mtu wa swala tano, mwenye haya zake, na wewe mwanamke, na binti yake amesimama pale. Sista alinitazama mara moja, nikajua natakiwa nje. Nilipofika mlangoni nikamsikia: "Mzee, ekzosi inapumua, au imeziba?"

Kikafuata kicheko cha baba, kile cha zamani, kikaishia kwenye kikohozi. Kisha akajibu, akajibu yote. Siku nne! Alikuwa ameteseka siku nne akitufichia.

Ziara ya tatu ndiyo iliyonifanya niwaandikie. Baba alikuwa amekonda sana, sauti imebaki ya mnong'ono. Akamwambia sista, "Mimi nimeshafika mpakani. Niko kwenye foleni tu, nangoja karani agonge muhuri."

Nilifungua mdomo kusema yale tunayosema wote: usiseme hivyo baba, utapona, Mungu ni mkubwa. Sista akanishika mkono, nikanyamaza. Naye akanyamaza kidogo. Kisha akamuuliza baba, polepole, "Na mizigo, mzee? Yote umeitangaza?"

Anayeishi mpakani anajua uzito wa swali hilo. Mzigo usiotangazwa ndio unaokulaza foleni. Baba alitazama bati kwa muda mrefu, akasema: "Uko mmoja sijautangaza."

Ulikuwa mdogo wake. Walikuwa hawajasemezana miaka 19 kwa sababu ya shamba la mikorosho la Kisarawe. Sisi watoto tulijua tu kwamba tuna baba mdogo asiyetajwa mezani. Jioni ileile nilitafuta namba yake kwa watu watatu. Baba mdogo alipanda basi, akafika siku ya nne akiwa na vumbi la mikoa yote kwenye viatu. Walichoongea sikijui, mlango ulifungwa. Ninachojua ni kwamba waliagiza chai mara mbili, ingawa baba hakuweza kuinywa, na kwamba mara moja niliwasikia wakicheka wote wawili kwa pamoja, na vicheko vyao vilifanana kiasi kwamba sikujua kipi ni cha nani.

Baba alifariki siku kumi na moja baadaye. Hakuwa anahangaika.

Nimelitafakari sana swali lile la mizigo. Watu wakisikia habari ya ucheshi kando ya kitanda cha mgonjwa hudhani ninaomba wauguzi wawe wachekeshaji. La. Sista hakuchekesha. Hakuja na mzaha wake mfukoni. Mzaha ulikuwa wa baba, yeye aliupokea kwa mikono miwili, akaingia ndani yake, akamkuta mtu amekaa humo peke yake. Na aliweza kuingia kwa kuwa siku ya kwanza aliuliza kazi yake. Kama baba angekuwa mvuvi wa Kasensero, swali lingekuwa la nyavu. Kama angekuwa mtu asiyependa utani kabisa, nina hakika sista angekaa kimya naye, na kimya kile kingekuwa na kazi ileile.

Daktari wa wodini naye nimemfikiria. Alidhani mzaha maana yake ni kwamba mgonjwa hajaelewa ukubwa wa ugonjwa. Mimi nimeona kinyume chake. Baba alianza mizaha ya mpaka na foleni siku aliyoelewa. Daktari alikuwa ameniita mimi kwenye korido, akaniambia ni saratani ya umio na imekwenda mbali, na tusimwambie mzee kwa sababu atakata tamaa. Kwa hiyo mzee akawa anajua, mimi najua, mama anajua, na kila mmoja anamficha mwenzake katika nyumba ya vyumba vitatu. Mzaha ulikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki wazi, na tuliifunga.

Tena kipo kicheko kingine, na nisipokisema nitakuwa sikuwaambia ukweli wote. Katika wodi ileile, kitanda cha tatu kutoka dirishani, alilala bwana mmoja mwenye uvimbe wa shingo uliopasuka na kuwa kidonda. Kilikuwa kinanuka, ni kweli. Vijana wawili waliokuwa mafunzoni walisimama karibu na dirisha, mikono puani, wakaambiana neno kwa Luganda wakacheka. Yule bwana alimwomba mkewe amfunike shuka usoni. Hakuifunua mpaka usiku. Harufu ile ina dawa: vidonge vya metronidazole vikisagwa na kunyunyiziwa kidondani huipunguza sana, na si vya bei kubwa. Lakini kabla ya dawa, alihitaji mtu mmoja amkaribie bila kukunja uso.

Siwachukii vijana wale. Niliwaona wana hofu. Kucheka kwao kulikuwa kwa mtu anayekimbia. Wamefundishwa mshipa uko wapi, kipimo cha dawa ni kiasi gani, na kadi ijazwe vipi; siku mgonjwa atakapowashika mkono na kuuliza, "Mwanangu, nakufa?" watakuwa peke yao kabisa, na watajibu kama walivyosikia wakubwa wao wakijibu, au watakimbilia kitanda kingine.

Hili linafundishika. Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kumpa mgonjwa habari nzito, na hatua zenyewe ukizisikia utasema ni adabu za nyumbani: tafuta mahali pa faragha uketi, uliza mgonjwa anajua nini tayari, uliza anataka kujua kiasi gani, mwambie kidogo kidogo kwa maneno anayoyaelewa, upokee uchungu wake bila kuukimbia, kisha panga naye yatakayofuata. Miaka mingi kabla ya hapo Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ndipo akasomea udaktari, alikwisha kusema kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake na ya roho yake kwa pamoja. Alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Mwaka huohuo, hapa kwetu, taasisi ya saratani ilianza kazi Mulago. Hatukuchelewa sana kuliko wengine.

Wala si lazima twende London. Kasensero, ufukweni mwa ziwa, hapa hapa wilayani kwetu, ni mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa tuliouita Silimu, yaani UKIMWI, ulionekana mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee wa huku wanakumbuka wagonjwa waliokufa bila mtu kutaja kilichowaua. Kisha mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe, akaanzisha na wenzake TASO, shirika la kuwasaidia wenye ugonjwa huo, na kazi yao ya kwanza, kabla dawa hazijapatikana, ilikuwa kuketi na watu na kuzungumza. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alisimama hadharani akasema anao, akaenda shuleni na makanisani akiongea na vijana mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka uleule. Dunia ilikuja kujifunza kwetu namna ya kusema lisilosemeka. Inaniuma kuona kimya kilekile kikirudi kupitia wodi ya saratani, kikiwa kimevaa koti jeupe.

Sasa niseme kuhusu lugha.

Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini wote tunajua Kiswahili kina historia gani kwa Waganda wengi. Kilikuja na bunduki. Mutukula ilibomolewa katika vita ya 1979, na wapo bibi zetu hapa ambao Kiswahili cha kwanza kukisikia kilikuwa cha "simama!" na "lala chini!" Namwelewa kabisa muuguzi kijana ambaye Kiswahili anachokijua ni cha amri, na akifungua mdomo mbele ya mzee kama baba yangu, kinachotoka ni amri.

Naomba mjue kwamba lugha hiyohiyo ina maneno laini kuliko yote niliyowahi kusikia kando ya kitanda. Ina "pole", ambayo haimaanishi nimekukosea, inamaanisha nimeuona mzigo wako. Ina "ugua pole". Ina "afadhali", ambayo mgonjwa anaweza kuitumia bila kudanganya hata siku mbaya. Hata jina la tiba yenyewe, shufaa, sisi tuliolelewa misikitini tunalijua: shufaa ni kumwombea mtu, kusimama upande wake mbele ya mkubwa asiyeweza kumfikia peke yake. Sijui ni nani aliyelichagua neno hilo kwa tiba hii, ila alichagua vema.

Tena ina utani. Wiki mbili kabla baba hajafariki alikuja rafiki yake wa barabarani, Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia asichoweza kukuambia ndugu yako. Akaingia chumbani, akamtazama baba alivyobaki mifupa, akasema: "Ndiyo umekonda hivi ili nisikudai ile kanzu? Hata ukifa nitaivua." Mama alishika kichwa. Baba alicheka mpaka machozi, akamwambia kanzu ipo, lakini kwanza alipe madeni ya chai ya Nzega. Baadaye yule mzee nilimkuta nyuma ya nyumba analia peke yake, ameegemea tangi la maji.

Siku ya maziko alizuia jeneza mlangoni, akakataa lisitoke mpaka alipwe. Majirani zetu Waganda walishtuka, wengine walitaka kumwondoa kwa nguvu. Baba mdogo akatoa noti ya elfu kumi, watu wa Kisarawe wakacheka na kulia kwa wakati mmoja, na jeneza likapita. Walioniuliza niliwaeleza kwamba wazee wetu walijua tangu kale kwamba msiba mzito unahitaji mtu mmoja aliyeruhusiwa kucheka, na wakampa mtu huyo kazi hiyo kwa ukoo, asije akaiacha kwa haya. Naamini kila kabila la nchi hii lina namna yake. Waulizeni. Waacheni wanafunzi wa uuguzi waende vijijini kwao wakaulize watu wao huzungumzaje na mtu anayeaga, na wakirudi darasani waeleze.

Ninayoyaomba si ya kujenga majengo. Naomba mwanafunzi wa uuguzi au udaktari asihitimu kabla hajaketi na mgonjwa halisi, mbele ya mwalimu, akampa habari nzito kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na akapewa alama kwa hilo kama anavyopewa kwa kushona jeraha. Naomba kila wodi ya wagonjwa wa saratani iwe na viti. Nimehesabu katika ile yetu: vitanda ishirini na sita, viti viwili, na kimoja kimevunjika mguu. Mtu aliyesimama juu yako hawezi kukusikiliza, hata awe na moyo mzuri kiasi gani.

Naomba mafuta. Sista yule alikuwa akija kwa bodaboda, mara nyingine kwa nauli yake mwenyewe, na kuna wiki hakuja kwa sababu pikipiki ya ofisi haikuwa na petroli. Fedha za kununua unga wa mofini zikipatikana na za kumfikisha mtu wa kukaa na mgonjwa zisipatikane, chupa itafika na sista hatafika. Na yeye pia naomba atazamwe. Nilimuuliza siku moja amezika wagonjwa wangapi mwaka ule, akatikisa kichwa, akasema huwa hahesabu. Nani anaketi naye?

Na naomba wakalimani. Wilaya nyingi za mpakani, makazi mengi ya wakimbizi kuanzia Nakivale hadi Kyangwali, yamejaa watu ambao Kiswahili ndicho wanachoumwa nacho. Katika kila kijiji kuna wahudumu wa afya wa kujitolea, wale tunaowaita VHT. Wapo miongoni mwao wanaojua Kiswahili vizuri. Wafundishwe ukalimani wa hospitali, walipwe kwa siku wanayoitwa, na iwe marufuku kumtumia mtoto.

Hili la mtoto silisemi kwa kukisia. Jirani yangu ni bibi wa Kikongo anayeuza vitenge karibu na stendi. Ana saratani ya titi. Luganda hajui, Kiingereza hajui, kwa hiyo huenda kliniki na mjukuu wake wa miaka 11, ambaye amejifunza Luganda shuleni. Mwezi uliopita daktari alimwambia mtoto yule, kwa Luganda, kwamba ugonjwa wa bibi umefika kwenye ini na hakuna tena la kufanya ila kumtuliza maumivu, amweleze bibi. Mtoto akamgeukia bibi akasema: "Daktari anasema ule matunda."

Amekuwa akimnunulia maembe tangu siku hiyo. Nilipomkuta bombani akichota maji, akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Akasema, "Ningemwambiaje, shangazi?" Nikamtwika jerikeni, nikashindwa kumjibu.

Jumatatu wanarudi kliniki. Nimekubaliana na mama yake kwamba mtoto aende shule, bibi nitakwenda naye mimi. Mvulana ameniuliza mara mbili kama nitamwambia bibi maneno yote. Nimemwambia nitamuuliza bibi kwanza anataka kujua kiasi gani. Naomba tutakapofika tumkute mtu aliye tayari kuketi nasi, na mahali pa kuketi.

Binti wa dereva,
Mutukula, wilaya ya Kyotera.